Sauti ya Mdoli Nyuma ya Shuka

Msiniulize nilitumia programu gani. Nilitumia wembe. Wembe, maboksi ya viatu, gundi ya unga tuliyoikoroga wenyewe kwenye sufuria, na nailoni ya kushonea nyavu niliyoiomba kwa wavuvi. Ninyi mnaochora katuni kwa kidole kwenye simu huku mkinywa soda, mkinitazama mnaona mzee aliyepitwa na wakati. Mimi nikiwatazama naona watu ambao hawajawahi kujikata kidole kwa ajili ya sanaa. Kwa hiyo tuko sawa, tuendelee.

Mmetaka niwaeleze tulivyotengeneza kile kipindi cha mdoli anayeongea katika "Kaya ya Mzee Furu". Baadhi yenu mmesimuliwa na wazazi wenu kwamba kilichekesha. Ni kweli kilichekesha. Ila mimi wakati wa kukitengeneza nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya shuka nikitokwa jasho, na sikuona cha kuchekesha hata kimoja.

Mwanzo sikuwa mchoraji wa katuni. Nilikuwa kwenye kiwanda cha nguo, idara ya kuchora maua ya khanga na vitenge. Kisha ikaja miaka ile ya soko huria. Nguo za nje zikamwagika mjini, mitumba ikajaa mpaka barabarani, na kiwanda kikaanza kupunguza watu. Nilipunguzwa katika kundi la kwanza. Nikarudi nyumbani Mabatini, Mwanza, nikakaa kwenye kiti, nikatazama ukuta. Ukuta ule niliutazama miezi. Mke wangu, Milembe, akinisemesha namjibu "ee", akiuliza swali la pili namjibu "ee" ileile. Mwishowe mama yake akaja na mkokoteni, akamchukua yeye na mtoto wetu wa kike, akawapeleka kwake Kiseke. Aliwaambia majirani ni kwa muda tu. Muda huo haukutajwa unaisha lini, nami sikuwa na mdomo wa kuuliza.

Baada ya hapo ndipo Salvatory akanipata. Huyu alikuwa Mhaya, mwalimu aliyeacha ualimu, aliyerudi kutoka Nairobi na kamera moja ya video na majivuno ya kutosha wilaya nzima. Alipanga chumba juu ya duka la vipuri vya baiskeli pale Nyamagana. Kituo kidogo cha televisheni kilikuwa kimeanza mjini, na Salvatory alikuwa amewaahidi kichekesho cha katuni kila mwezi kabla hajajua katuni inatengenezwaje. Alisikia kuna mtu aliyekuwa akichora maua kiwandani. Akaja, akanikuta na ukuta wangu.

"Unaweza kuchora mtu?"

"Ee," nikajibu, kwa mazoea. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unakata mtu wa karatasi ngumu: kichwa peke yake, mikono peke yake, miguu peke yake. Unaviunga kwa nailoni, fundo dogo mbele na fundo dogo nyuma, ili mkono uweze kuinuka bila kung'oka. Unamlaza juu ya meza, kamera inamtazama kutoka juu. Unamsogeza kidogo, Salvatory anabonyeza kamera na kuiachia. Unamsogeza tena. Kamera yetu haikujua kupiga kidogo. Ukibonyeza inakunywa zaidi ya ulichotaka. Kwa hiyo watu wetu walitembea kama wenye miiba miguuni. Salvatory aliwaambia wa televisheni kuwa huo ndio mtindo wetu.

Mimi hasa nilikuwa mkata midomo. Kiswahili kina huruma kwa mkata midomo, kwa sababu maneno yake mengi yanaishia mdomo wazi. Nilikata mdomo wa a, wa e, wa i, wa o, wa u, na mmoja uliofungwa. Kila mhusika alikuwa na bahasha yake. Unasikiliza kaseti ya maneno yaliyokwisha kurekodiwa, unaandika kila silabi, kisha unabandika mdomo na kubandua, unabandika na kubandua. Siku moja nilichanganya bahasha. Mzee Furu, mvuvi mwenye mvi, akahutubia familia yake kwa midomo ya mkewe iliyopakwa rangi nyekundu, na hivyo hivyo akarushwa hewani. Juma zima watu walinisimamisha njiani kuuliza mzee yule ana siri gani.

Na wale vijidudu vya ziwani! Mnawajua, wale wanaokuja kama moshi kutoka ziwani na kuvamia kila taa. Sisi tulikuwa na taa mbili kali na gundi mbichi mezani. Waliganda kwenye uso wa Bibi wa katuni yetu, wakaganda kwenye anga, wakaganda kwenye jino langu nikipiga miayo. Mkitazama kanda za zamani mtaona vitu vyeusi vinarukaruka. Mtaalamu mmoja alituandikia kusifu jinsi tulivyoonyesha mvua.

Kitu kingine kilichotusumbua ni salamu. Kipindi kilikuwa kifupi, na kwetu Usukumani mtu haingii nyumbani akaanza kusema tu. Mtoto akiingia, shikamoo babu, marahaba. Shikamoo bibi, marahaba. Umeshindaje, mifugo haijambo. Kabla kichekesho hakijaanza, robo ya kipindi imeliwa na adabu, na mimi vidole vimekufa ganzi kwa kubandika midomo ya "marahaba". Salvatory akaamua kuzikata zote. Kipindi kilichofuata, mama mmoja muuza nyanya alinikamata sokoni.

"Wale watoto wenu wanaingia kama mbuzi. Sasa mnafundisha nini?"

Tukazirudisha. Lakini Salvatory alitoka pale na wazo. Wakati huo maduka yalikuwa yamejaa vitu vya Dubai, na kimoja kilikuwa mdoli mkubwa mwenye nywele za dhahabu. Ukimbonyeza tumbo anasema sentensi zake za Kiingereza, kisha anarudia tangu mwanzo. Watoto walimlilia mpaka wazazi wakabadili njia ya kupita. "Huyu," Salvatory alisema, "ndiye mtu pekee Mwanza asiyesalimia. Anaingia kwa Mzee Furu, anadai nguo, anadai biskuti, hasalimii mtu. Bibi anatoka kijijini, anamkuta. Patamu hapo."

Nilifurahi, nikakata midomo ya mdoli siku kadhaa, midogo, ya waridi, mizuri kuliko yote niliyowahi kukata. Nilipoileta, Salvatory akaweka mdoli wa dukani mezani, akambonyeza. Mdoli akaongea. Mdomo haukucheza hata kidogo. Ulikuwa wa plastiki, umetabasamu vile vile. Mkata midomo mzima, nilikuwa sijatazama mdomo. Nikaifungia bahasha ile kwenye droo.

Sasa, Bibi. Sauti ya Bibi ilikuwa ikifanywa na Salvatory mwenyewe, na watazamaji walikuwa wakiuliza kama bibi yule amepona mafua. Kwa kipindi hiki alitaka mwanamke wa kweli, mwenye ulimi. Asubuhi moja akarudi kutoka soko la Kirumba akiwa anacheka peke yake. Kuna mama anauza dagaa, alisema, amemsikia akimgombeza mteja aliyeshika dagaa na kuwarudisha, na mteja yule aliishia kununua debe zima na kuomba radhi. Amekubali kuja.

"Jina lake?" niliuliza.

"Wanamwita Mama Milembe."

Mama Milembe. Mama mkwe wangu.

Labda siku hizi mnakaa na wakwe zenu sebuleni mnagombania rimoti. Kwetu sisi, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akija njia hii unakatiza shambani. Hamgusani, hamtaniani, hamkai chumba kimoja, na kama kuna neno la lazima linapita kwa mtu wa tatu. Ndiyo heshima yenyewe. Na mimi juu ya hayo nilikuwa mkwe aliyenyang'anywa mke kwa sababu ya kukaa kitini. Nikimkosea tena mama yule, Milembe ndiyo basi.

Nikapanga siku ya kurekodi nisionekane. Lakini siku hiyo ilipofika, binti wa kwaya aliyekuwa asome maneno ya mdoli alikuwa ameondoka na meli kwenda Bukoba msibani. Tulikuwa na kinasa sauti kimoja na maikrofoni moja. Hatukuwa na namna ya kurekodi huyu leo na yule kesho kisha tukawaunganisha. Waongeaji wote walilazimika kuwa chumbani pamoja. Na mama ameshafika chini dukani, namsikia akimwambia Salvatory afanye haraka, dagaa wake wameanikwa na wingu linapanda.

"Wewe unajua sentensi zote," Salvatory akanong'ona. "Utakuwa mdoli."

"Yule ni mama mkwe wangu!"

"Mkwe gani? Hapa kuna bibi na mdoli tu."

Nilitazama dirisha. Lilikuwa na nondo. Salvatory akavuta shuka la kitandani mwake, akalitundika katikati ya chumba kwa misumari, maikrofoni ikaninginia juu yake, nami nikasukumwa upande wa pili. Mlango ukafunguliwa.

"Mama, nyuma ya shuka kuna binti atakayekuwa mdoli," Salvatory alisema. "Ana aibu kidogo."

"Aibu ya nini? Kazi ni kazi," akasema mama mkwe wangu.

Tulikuwa tumempa mdoli wetu sentensi chache za Kiswahili, na sheria ilikuwa kwamba hawezi kusema nyingine, kama yule wa dukani. Mama hakuwa na skripti. Salvatory alimweleza kisa tu, akamwacha. Kaseti ikaanza kuzunguka.

"Wewe mtoto, hujambo?" akauliza.

Nikabana pua, nikatoa sauti nyembamba. "Nakupenda!"

Hapo tu nilihisi mababu wanageuka kaburini.

"Sijakuuliza unampenda nani. Nimekuuliza hujambo."

"Tabasamu!"

"Nitabasamu nini, na mvua inakuja?"

"Ninunulie gauni jipya!"

"Gauni! Hilo ulilovaa umelichakaza lini? Mayo! Umekaa kitini tangu asubuhi, hujachota maji, hujaosha hata kikombe, unataka gauni. Nawajua watu wa namna yako. Ninaye mmoja katika ukoo."

Salvatory alikuwa ameuma shati lake asicheke. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Sentensi iliyofuata niliijua vizuri, niliiandika mwenyewe. Ilikuwa "Nikumbatie!"

Wanangu, yako maneno ambayo mwanaume hawezi kumwambia mama mkwe wake hata kama ni mdoli. Salvatory alinipungia mkono. Akanipungia tena. Nilifungua mdomo, ukagoma. Upande wa pili mama alikuwa akingoja, nasikia anavyopumua. Nikajikuta nimepiga magoti sakafuni na sauti inanitoka, nzito, yangu mwenyewe:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, kama mtu yeyote anavyojibu.

Kaseti inazunguka. Nikasikia anajifunika khanga vizuri na kiti chake kinageuzwa, kinatazama ukutani.

"Huyu binti wako," akamwambia Salvatory polepole, "ana ndevu?"

Salvatory akajifanya anatengeneza maikrofoni. Nilijua ataondoka sasa, na akifika Kiseke atamwambia mwanawe kwamba mumewe amejificha nyuma ya shuka la mwanaume mwingine akimwambia mama mtu mzima "nakupenda". Hakuondoka.

"Wewe mdoli," akasema.

Nikatafuta sentensi ya mdoli inayofaa kumjibu. Hakukuwa na hata moja. Nikaitika kwa ile sauti nyembamba: "Abee."

"Kuna maneno uyapeleke kwa baba yako, yule anayekata karatasi. Umesikia?"

"Abee."

Hapo nikaelewa. Alihitaji mtu wa tatu, Salvatory si wa ukoo, na mle chumbani aliyebaki alikuwa mdoli.

"Mwambie mtoto wake anamwita kila mwendesha baiskeli baba. Inanitia aibu mbele ya majirani."

"Abee."

"Mwambie mke wake anakula, analala, na baiskeli ikipita anatoka nje kuchungulia. Mwambie mimi sikumfukuza mtu. Mtu asiyesema lolote nitajuaje kama yuko hai au amekufa?"

"Abee, mama."

"Mwambie aje Jumapili, na mtu mzima wa ukoo wake. Haya, tuendelee, dagaa wangu wanaloa."

Tukaendelea! Mama yule alisema maneno ya Bibi mpaka mwisho bila kukwama, na mimi nikamjibu kwa sentensi za mdoli zilizobaki, zile zisizo na madhara. Alipotoka nilikaa chini nikalia, na Salvatory akanipa leso yake na kuniambia nisiloweshe shuka.

Alitaka kurusha kaseti yote hewani. Nilimwambia ataipata juu ya maiti yangu. Tukakata yale ya ukoo, tukabakiza ile shikamoo, kwa sababu ukiisikiliza bila kujua kisa, ni kitu cha ajabu sana: mdoli wa waridi mwenye nywele za dhahabu ghafla anatoa sauti ya mpiga kasia. Tukajenga mwisho mpya juu yake. Mdoli anaharibika, na tangu hapo hajui sentensi nyingine. Anamwambia jogoo shikamoo, anaiambia sufuria shikamoo, na Bibi anamkalisha mlangoni awafundishe wajukuu. Mji mzima uliiga sauti ile. Makuli bandarini walisalimiana kwayo. Hakuna aliyejua ni yangu, na mimi nilipita kimya kimya kama mtu aliyeiba kuku.

Lakini kabla ya hayo yote ilikuja Jumapili. Nilikwenda Kiseke na baba yangu mdogo, mtu mwenye heshima na suti ya kijivu, na uongo kidogo. Tulikaa uani na wazee wawili wa upande wao. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Kwa desturi mimi sikutakiwa kusema. Baba mdogo ndiye mdomo wangu. Akaanza vizuri, akataja ng'ombe, akataja mababu, kisha akaona wazee hawajalainika, akaongeza kwamba kijana wake amepata nafasi kiwanda cha minofu ya samaki, nafasi nzuri, karibu ataitwa.

Ilikuwa mara ya kwanza mimi kuisikia nafasi hiyo.

"Sijauliza kiwanda," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mwenye mke aseme mwenyewe."

Wazee wakakohoa. Baba mdogo akanitazama kama aliyetupwa majini. Nikainuka, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa jembamba kabisa, la mdoli. Mzee mmoja akashika fimbo yake. Nikaanza upya.

"Mama, sina kiwanda. Nakata midomo ya karatasi. Kuna siku inatulisha, kuna siku hailishi, na sijui kama itadumu. Lakini namtaka mke wangu. Nilimtaka tangu siku ya mkokoteni. Nilishindwa kusema."

Pazia halikutikisika. Nilisimama pale nikihesabu makosa yangu, nikaona ni mengi, nikaanza kutafuta kwa macho njia ya kutokea.

"Kumbe ana sauti," akasema mama mkwe wangu, kisha akaita kwa nguvu: "Milembe!"

Milembe alitoka akiwa amembeba mtoto mgongoni na mzigo kichwani, umekwisha kufungwa. Hakunitazama mbele ya wazee. Tuliaga, tukaishika njia ya kuteremka barabarani, mimi mbele na yeye nyuma. Kisha akasimama.

"Ulidhani niliondoka kwa sababu ya njaa?"

"Ee," nikasema.

"Ile 'ee' yako ndiyo niliyoikimbia. Njaa ningeivumilia. Nilikuwa nalala na mtu, naamka na mtu, na nyumba kimya kama hakuna mtu. Mama alipokuja na mkokoteni nilipanda taratibu kabisa, nikasema akiniambia neno moja tu, hata la kunitukana, nashuka."

Nilikumbuka nilikuwa mlangoni siku ile, nikiutazama mkokoteni mpaka ulipokata kona. Nikamtua ule mzigo kichwani, nikaubeba mimi. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na kilichokuwa karibu: jinsi ya kukata mdomo wa o bila kupasua karatasi. Nikaja kwenye gundi, nikaja kwa Salvatory, nikaja kwenye vijidudu. Aliposikia habari ya shuka alilazimika kukaa chini kando ya barabara kwa kicheko, mtoto anaruka mgongoni. Nilisema mpaka tukafika Mabatini, nikasema wakati anawasha jiko, na kama ninyi mnavyoona, wenzenu wawili pale nyuma wameshasinzia, sijanyamaza mpaka leo.